Madigadi ya Gurudumu la Mbele

Otakar Bureš alikuwa mtu wa ukweli hadi akawa kero. Ukimwambia mvua ilinyesha jana jioni, atakuuliza kama ilikuwa jioni kweli au ilikuwa bado alasiri. Kiwandani kwetu, kwenye karakana ya mashine za kukamulia maziwa, alikuwa mkereza vyuma, na wenzake walimpenda kama mtu anavyopenda kipimo: kitu cha maana sana kazini, lakini huwezi kwenda nacho baa.

Ukweli wake wote aliuweka kwenye ndege. Si ndege za kuruka, ndege za mfano, ndogo za kukaa kiganjani, ambazo mtu huzijenga kwa plastiki na gundi. Mji wetu mdogo wa Moravia ulikuwa na klabu ya wajenzi hao, wanaume watu wazima wenye miwani minene, na katika Chekoslovakia ya miaka ile, ya chama kimoja na foleni ya ndizi kila Krismasi, ndicho kilikuwa chama pekee watu walichojiunga nacho kwa hiari. Dukani uliweza kupata boksi lenye vipande vya ndege, lakini ukikifungua chumba cha rubani unakuta shimo na kibenchi. Wengine walipaka rangi nyeusi wakaendelea. Otakar alikasirika kama katukanwa yeye.

"Rubani akae juu ya nini?" alisema. "Juu ya matumaini?"

Basi yeye alianzia pale kiwanda kilipoishia. Kiti alikichonga kwa vikopo vya mtindi, mikanda yake kwa karatasi ya sigara, mabomba ya tumbo la ndege kwa nyuzi za gitaa na waya wa kulehemu. Mabati membamba aliyapata kwenye mirija ya dawa ya meno, ndiyo maana kwa Bureš dawa ya meno ilikaa kwenye kikombe, na mgeni aliyekwenda kunawa alitoka bafuni na maswali. Mkewe Drahoslava alikula mtindi asioupenda mwaka mzima kwa sababu kikopo chake kilikuwa cheupe na laini. "Nimeolewa na panya," alikuwa akisema. "Kila kitu ndani ya nyumba hii kinatafunwa pembeni."

Ndege ya mwaka ule ilikuwa ya kivita, ya Kirusi, ya injini moja, na aliijengea ubao wa kuisimamisha ambao ulikuwa kazi kubwa kuliko ndege yenyewe. Alikata vigae vya pembe sita kwenye kadi ya boksi la viatu, kama saruji ya viwanja vya jeshi ilivyo, akavipanga, akavisugua kwa msasa na majivu, akapitisha lami nyeusi kwenye viungo. Kwenye nyufa akapandikiza nyasi za nywele za brashi ya kunyolea, moja moja, kwa kibanio. Doa la mafuta alilipaka mara tatu na kulifuta mara mbili, kwa kuwa mafuta yanayodondoka leo hayana rangi ya mafuta yaliyodondoka mwezi jana. Nani atalijua hilo? Otakar alilijua, na kwake ilitosha.

Sasa, Drahoslava alikuwa na kaka, Vlastimil Kubát, fundi mitambo katika uwanja wa ndege wa jeshi ng'ambo ya msitu. Kila Jumapili alikuja kula nyama ya nguruwe, kabeji na matonge ya unga ya kuchemsha, na kila Jumapili Otakar alimchokonoa.

"Shemeji, hizo ndege zenu zinavumilia vipi kokoto? Uwanja wenu si wote saruji."

"Zinavumilia wapi!" Vlastimil alikuwa amekwisha kushusha chupa mbili za bia. "Gurudumu la mbele linarusha mawe, tumbo lote linapigwa. Taa tumebadilisha mpaka tumechoka. Mwisho nikafunga madigadi mwenyewe. Mbili, ndege mbili tu, za kujaribia." Akachukua karatasi ya fedha ya chokoleti ya watoto, akaikunja mezani kwa vidole vinene. "Hivi. Bati hapa, na huku chini kipande cha mpira wa tairi la trekta. Kamanda ameona, amefumba macho."

"Upana gani?"

"Vlasta, kula," Drahoslava akadakia, akainuka kuongeza sauti ya redio. "Kuta zina masikio, na za nyumba hii ni nyembamba."

"Kwani namwambia nani? Si mume wako?" Vlastimil akacheka. "Kama pazia dogo, shemeji. Upana wa kiganja na nusu."

Vlastimil alipoondoka, karatasi ya fedha haikuwa mezani tena.

Ndege ilipelekwa kwenye maonyesho ya klabu, katika nyumba ya utamaduni, ikae wiki nzima ndani ya kabati la kioo mpaka Jumamosi ya majaji. Siku ya kwanza tu alikuja mtu mmoja wa koti la kijivu. Hakuwa na mtoto mkononi, hakucheka, hakusema "tazama ndogo hizi." Aliinama mbele ya ndege ya Otakar, mikono nyuma, akakaa hapo muda mrefu kuliko mke wa Otakar alivyowahi kukaa. Otakar alijivuna. Alifikiri ni mpenzi wa ndege.

Kesho yake akaitwa ofisi ya wafanyakazi kiwandani. Mkuu wa ofisi hakuwepo, kitini pake alikuwepo mtu wa koti la kijivu, na kikombe cha kahawa ya machicha kinamsubiri mgeni.

"Ndugu Bureš. Keti, keti. Una mikono ya dhahabu."

"Asante, Ndugu..."

"Kapteni. Jina halina umuhimu. Kazi nzuri namna ile, nani hukusaidia?"

"Hakuna. Mimi na magazeti ya ndege."

"Magazeti tu?"

"Magazeti na macho."

"Eeh. Na macho hayo hutazama wapi?" Kapteni alitabasamu, akakoroga kahawa yake isiyokuwa na sukari. "Usiogope. Tumeletewa neno tu, nasi neno tukiletewa hatulitupi. Jumamosi nitakuja kuwasikiliza majaji. Hata mimi napenda ndege."

Basi. Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemfokea, na Otakar alitoka mle na shati limelowa mgongo mzima.

Tumeletewa neno. Na nani? Kuanzia saa hiyo Otakar hakula chakula, alikula neno hilo. Kwanza alimshuku jirani wa chini, Bi Hedvika, aliyejua kila mpangaji anavuta maji ya choo mara ngapi. Alipomsalimia ngazini aliona amemjibu upesi mno. Kesho yake alimjibu polepole mno. Zote mbili zikawa ushahidi. Halafu akamshuku mkewe, Mungu amsamehe.

"Ulimwambia mtu habari za Vlasta na ndege?"

"Mimi?" Drahoslava alikuwa anamenya viazi, kisu kikasimama. "Mimi ndiye ninayeongeza redio, wewe ndiye unayeuliza upana. Nimwambie nani? Foleni ya nyama?"

"Nauliza tu."

"Huulizi tu. Ninakujua ukiuliza tu."

Hawakuzungumza mpaka usiku, na redio siku hiyo haikuwashwa.

Lakini aliyemshuku hasa, kwa moyo wote na kwa raha fulani, alikuwa Radomil Šindelka. Radomil alikuwa mwalimu wa kemia, mjenzi wa pili kwa ubora klabuni, na hakuna adui mbaya kama wa pili. Miaka mfululizo alishika nafasi hiyo, akapiga makofi Otakar akiitwa, makofi makavu ya ncha za vidole. Otakar alimfuata kwenye maonyesho, akamkuta ameinama mbele ya kabati lilelile la kioo na darubini ndogo ya shuleni jichoni.

"Umepata nini, mwalimu?"

"Nakagua wapinzani." Radomil hakugeuka. "Ile madigadi ya gurudumu la mbele. Sijaiona kwenye mchoro wowote."

"Umeangalia michoro yote?"

"Yote. Nimeazima hata ya Kijerumani." Sasa akageuka, akamtazama Otakar juu ya miwani. "Jumamosi watakuuliza ushahidi, unajua. Ningekuwa wewe ningetafuta jibu mapema."

"Na wewe umeshawaambia waniulize, siyo?"

"Mimi? Mimi sisemi kitu, Ota. Mimi natazama tu."

Ndivyo wanavyosema wote, Otakar akawaza. Kikulacho ki nguoni mwako. Akarudi nyumbani ameshahukumu kesi, bado kunyonga tu.

Alhamisi Vlastimil alipata ruhusa, akaja mjini kuiona ndege aliyoisikia tu kwa maneno. Otakar alimpeleka kwa fahari, maana hofu ilikuwa haijaua majivuno. Fundi yule mkubwa akainama, akatabasamu alipoona mabomba, akacheka alipoona doa la mafuta. "Hili doa ni la kwetu kabisa, umelichota wapi?" Kisha macho yakafika gurudumu la mbele. Akanyooka taratibu, akatoka nje bila kuaga, akasimama uani karibu na lundo la makaa ya mawe. Otakar akamfuata.

"Umeiweka."

"Nini?"

"Madigadi, Ota! Umeiweka madigadi yangu!"

"Nimeipata sawasawa, sivyo? Kiganja na nusu, nimegawa kwa sabini na mbili kama ndege nzima..."

"Wewe mtu una akili kweli? Ndege zenye kitu kile ziko mbili dunia nzima. Mbili! Zote nimezifunga mimi, zote ziko ndani ya uzio wa jeshi, na fundi mwenye shemeji mjenzi wa ndege ni mmoja." Alishika kola ya Otakar, akaiachia. "Nani ameiona?"

Hapo ndipo Otakar alipoelewa. Akamweleza habari za koti la kijivu, za kahawa, za neno lililoletwa. Alimtaja Radomil. Alimtaja Bi Hedvika.

"Radomil gani!" Vlastimil alisema, na sasa alisema kwa sauti ya chini, ambayo ilikuwa mbaya zaidi. "Hakuna aliyekusema. Neno umelipeleka wewe, umeliweka kwenye kioo na taa juu yake. Nina watoto wawili, Ota. Ni mahakama ya jeshi ile."

"Nitaing'oa leo."

Lakini jioni Drahoslava aliposikia, alikaa kitako kwenye kiti cha jikoni, akamtazama kaka yake, akamtazama mumewe, na katika wote watatu yeye ndiye aliyefikiri.

"Ukiing'oa umekiri," alisema. "Ameshaiona. Atakuja Jumamosi akute haipo, atauliza kwa nini siku ile ilikuwepo. Ibaki palepale. Wewe useme umeibuni."

Otakar alitikisa kichwa.

"Sijawahi kubuni hata ribiti moja ya bati, Draha. Watu wote wanajua."

"Basi ndiyo maana watakuamini. Anza."

Msomaji asiyewajua wajenzi wa mifano ataona jambo dogo. Kwao si dogo. Siku ya majaji kila mjenzi husimama karibu na kazi yake, na kwa kila kitu alichokiongeza kwa mkono wake lazima atoe ushahidi: picha, mchoro, ukurasa wa gazeti. Asiye na ushahidi hupunguziwa alama, hilo si kitu. Lakini anayetamka kwa mdomo wake kwamba amebuni ni kama mwashi aliyekiri kujenga ukuta bila msingi. Hatafukuzwa. Hataaminiwa tena, basi. Kila kitakachotoka mikononi mwake, hata kama ni kweli tupu, watu watakitazama na kuguna.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mezani kulikuwa na mikate iliyopambwa mayai na matango ya siki, kwa ajili ya baadaye. Kapteni alikaa safu ya tatu, koti magotini. Vlastimil hakuja, na Drahoslava alikaa nyuma karibu na mlango, mkoba wake ameukumbatia.

Mwenyekiti wa majaji, mzee mstaafu wa posta, alipita na kioo cha kukuzia na sindano ya kufumia ya kuonyeshea. Chumba cha rubani? Otakar akatoa ukurasa. Mabomba? Picha. Saruji ya pembe sita? "Kituo cha mabasi, kona ya kaskazini," akasema, na watu wakacheka kwa mapenzi, kwa kuwa walimjua. Sindano ikashuka mpaka gurudumu la mbele.

"Na hii madigadi, Ndugu Bureš? Hii nimelala nikiiwaza. Ushahidi wake?"

Otakar alitupa jicho ukumbini. Alimwona Kapteni ameegemea mbele kidogo, kama mtu wa sinema anayengoja sehemu aliyoilipia.

"Haupo," alisema.

"Haupo, au umeusahau nyumbani? Wewe?"

"Haupo. Nimeibuni."

Mtu mmoja akasema "Ota?" kama anavyoita mtu gizani. Mzee wa posta alishusha kioo.

"Umebuni. Kwa nini?"

"Niliona... niliona inapendeza."

Hakuna aliyeamini. Naam, hiyo ndiyo hatari ya mtu mkweli: akisema uongo, uongo wenyewe unaona haya. Kapteni alikunja midomo, akaanza kuinuka. Na hapo, safu ya mbele, kiti kikalia, akasimama Radomil Šindelka.

"Nilimwambia!" alisema kwa sauti ya darasani. "Nilimwambia tangu masika, aibu hii ataiona! Mnajua ameitoa wapi? Hajaibuni hata kidogo, uwezo huo hana. Ameiona kwenye ndege ya kunyunyizia mbolea, ile ya shamba la ushirika! Ina madigadi kama ile, ya kuzuia tope la mashamba. Akaitwaa akaibandika kwenye ndege ya jeshi letu!"

Ukumbi ukapasuka. Walicheka mpaka wakashikana mabega. "Jeshi la mbolea!" mtu akapiga kelele. "Ota, bomu lake ni samadi?" Mzee wa posta alifuta macho. "Ni kweli, Ndugu Bureš? Ya mbolea?"

Otakar alikuwa mwekundu mpaka masikioni, na haya ile haikuwa ya kuigiza.

"Ni kweli," alisema. "Ya mbolea."

Kapteni naye akacheka. Akacheka kwa dhati, kama mtu aliyepunguziwa kazi, akachukua mkate wenye yai kabla ya wengine, akavaa koti, akatoka. Hakuonekana tena klabuni.

Radomil alipewa nafasi ya kwanza. Wakati wa kupeana mikono Otakar aliung'ang'ania mkono wake.

"Ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Ile ndege ya mbolea haina madigadi. Mimi na wewe tuliipima pamoja shambani."

"Haina?" Radomil akavua miwani, akaifuta polepole kwa tai. "Basi na mimi nimekosea. Hongera kwa nafasi ya saba, Ota."

Mpaka leo Otakar hajui kama mtu yule alimwokoa au alimzika, na huenda Radomil aliona hakuna sababu ya kuchagua. Kujua asingejua tena. Baa walimwita Bwana Mbolea. Alipopeleka kazi nyingine, yenye ushahidi wa kila ribiti, vijana waliinama wakaulizana kwa kunong'ona kipi cha kweli na kipi cha shamba la ushirika. Ilimuuma. Asikudanganye mtu kwamba haikumuuma. Lakini usiku wa Jumamosi ile alijiambia kuna watoto wawili wanaolala na baba yao, na hilo lilimtosha mpaka Jumapili.

Jumapili Vlastimil alikuja. Alikumbatiwa na dada yake, alikaa mahali pake, alipewa matonge manne. Alikula mawili kimya, kisha akaweka uma.

"Nimeambiwa ulivyofanya. Asante, shemeji. Nitakuuliza moja tu, halafu yaishe. Ulijua ni siri. Kwa nini uliiweka?"

Otakar angeweza kusema hakufikiri, angeweza kusema alighafilika. Drahoslava alimkazia macho aseme hivyo. Lakini uongo wake wa maisha ulikuwa umekwisha kutumika Jumamosi.

"Kwa sababu ipo," alisema.

Vlastimil aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetajiwa bei aliyoitarajia, akachukua uma tena. Baadaye Otakar alimuuliza habari za kazini, na Vlastimil akasema kazi nzuri, na mvua je, na kabeji ya mwaka huu ni tamu. Aliendelea kuja kila Jumapili kwa miaka mingi, kwa maana ndugu hawakatani. Ila kila alipotaka kusema neno, hata la mvua, aliitazama kwanza mikono ya Otakar iko wapi.